Baba Si Jina

Jumatatu, 9 Oktoba

Bomba kavu tena. Asubuhi yote walinzi wa wagonjwa, ndugu wanaolala nao hospitalini, wako njiani na bidoni za maji, kwenda ziwani, kurudi ziwani, na mimi nimenawa mikono kwa maji ya kikombe. Kikombe! Halafu kuna mtu ametundika ukutani picha ya mikono inayonawa vizuri chini ya bomba. Nimeigeuza iangalie ukuta.

Sale ya wanaume, wodi yangu, imejaa. Sale ya wanawake imejaa. Muuguzi wa usiku ni mmoja kwa sale zote mbili. Mimi shefu wa sale nimemwambia Direkteri wiki iliyopita, nimemwambia juzi, leo nimemwambia tena. Anaitikia kwa kichwa vizuri sana. Kile kichwa kinajua kuitikia.

Mchana amekufa yule mwalimu wa kitanda cha nne. Ini. Tulijua. Mke wake hakulia mbele yetu, alingoja mpaka nje ya lango. Tukapangusa godoro kwa dawa kidogo iliyobaki, na jioni kitanda kikapata mtu. Mzee Ruhanika, mkulima wa mpunga kutoka Luberizi. Malaria kali, ukimgusa unaondoa mkono. Ameletwa na mke wa mtoto wake, anaitwa Zawadi, ndiye atakayelala chini ya kitanda na kumlinda. Mume wake anaendesha lori ya Bukavu, yuko njiani huko. Zawadi ni mpole, anaongea akiangalia miguu yake. Nimemwonyesha seromu, dripu ya mzee, inavyodondoka, nimemwambia ikikaribia kwisha aite, asiiguse. Ameelewa mara moja.

Kitanda cha tisa, cha dirishani, bado ni Papa Yoani, fundi wa mota za boti pale Kalundu. Ugonjwa wa sukari, na kidonda cha mguu. Sauti yake inafika sale ya wanawake. Leo amenifokea kwamba bugali tunaomkatalia ndio uliomlea. Na mimi nimemfokea. Tunaelewana hivyo.

Miguu imevimba. Nalala.

Jumanne, 10 Oktoba

Sijavua hata viatu. Naandika hivyo hivyo.

Nimeingia kazini, walinzi wote kwenye mikeka yao wanafurahi. Ati mzee wa Luberizi anatoka jasho, homa imekubali kushuka. Nikafurahi nao, mjinga mimi. Nikaenda kitanda cha nne kumsalimia mzee. Nikamkuta Papa Yoani kalala pale, mguu juu ya mto.

Jambo lenyewe ni fupi. Jana jioni jirani alimnong'oneza Zawadi kwamba kitanda alichopewa baba mkwe wake kimetoka maiti mchana ule ule. Binti akaanza kulia. Na hapa kwetu hakuna anayekubali kulalia mahali ambapo mtu amekufa leo. Hata Direkteri akiugua hatakubali. Papa Yoani akamsikia, akasema yeye na kifo wanajuana zamani, hakimtishi. Akajikokota na mguu wake mbovu, akampa mzee kitanda cha dirishani. Wema mtupu. Hakuna aliyemwambia muuguzi, kwa sababu nani anaripoti wema?

Mzee kweli alikuwa analowa jasho. Shuka lote. Lakini ngozi ya baridi, baridi ya samaki. Nikamwita, kimya. Nikamfinya, kimya. Na hapo hapo Papa Yoani akapaza sauti nyuma yangu.

"Mama Shefu, na minye? Shindano yangu ya sukari iko wapi? Nitakunywa chai saa ngapi?"

Nikakimbia. Esperansi, muuguzi wa usiku, alikuwa bado kwenye chumba chetu anavua blauzi yake nyeupe ya kazi. Nikamuuliza insulini ya asubuhi amempiga nani. Akasema kitanda cha tisa.

Dozi ya Papa Yoani, mtu mnene vile, ndani ya mzee mkavu ambaye hakuonja chakula tangu atoke kwake.

Mashini ya kupima sukari haikutoa namba. Ilitoa neno tu, maana yake iko chini hata haisomeki. Glikozi ya kupitisha kwenye mshipa iko farmasi. Farmasi ina kufuli. Mwenye ufunguo yuko kwake anakunywa chai. Nikampigia simu, akasema anakuja. Anakuja! Nikamwambia Zawadi alete sukari yoyote, popote. Akakimbia kwa wanawake wanaopika nyuma ya ukuta, akarudi kiganja kimejaa. Tukamlaza mzee ubavu, tukawa tunampaka ndani ya shavu kidogo kidogo. Nikamwachia Esperansi kazi hiyo, nikachukua tofali linaloshikilia mlango wa choo, nikavunja kufuli la farmasi. Sijutii hata pigo moja.

Glikozi ikaingia, sukari ikapanda. Ikashuka. Tukampa tena. Insulini ile imetengenezwa kukaa mwilini, haiondoki kwa sala. Daktari wa zamu akafika, akafanya yake, simlaumu. Jioni mzee anapumua, moyo unapiga, macho yamefungwa. Haamki.

Esperansi hakwenda nyumbani. Alikaa kwenye benchi, blauzi mapajani. Tumefanya kazi pamoja tangu wote wawili tuna viuno vyembamba. Akanieleza. Umeme haukuwapo. Tochi ya simu inakufa. Sale ya wanawake kuna mama anatapika damu, na yeye hana muuguzi mwingine wa kumwachia. Akafika kitanda cha tisa mbio, mgonjwa kajifunika mpaka usoni. Hakuwa na hakika. Akamuuliza binti aliyekaa chini, huyu jina lake nani. Binti akajibu, Baba.

"Baba si jina, Esperansi."

Kila mzee pale ni baba wa mtu. Alitaka jibu apate kukimbia, akalipata.

Nikamwendea Zawadi. Hakukana. Kwao mke hataji jina la baba mkwe wake, hata akiwa peke yake shambani na ndege. Desturi hiyo naijua, nimekulia ndani yake. Mama yangu amekufa hajatamka jina la baba wa baba yangu. Aliitwa Petro. Padri akisoma habari za mtume Petro, mama akirudi nyumbani anatusimulia habari za "yule wa funguo".

Kwa hiyo hakuna aliyedanganya. Nina hasira na kila mtu, na sijui nianzie kwa nani.

Jumatano, 11 Oktoba

Direkteri ameniita. Swali la kwanza: kufuli. La kwanza! Nani amevunja, kwa ruhusa ya nani, na kwa nini sikungoja. Nikamwambia ubongo hauna desturi ya kungoja wenye ufunguo. Akaitikia kwa kichwa.

Halafu akasema familia ya mzee tuwaambie malaria imepanda kichwani. Hutokea, akasema. Nikamwambia amechelewa, Papa Yoani ameshatangaza mpaka Kalundu, boti zinazokwenda Baraka zimeondoka na habari. Akafikiri kidogo. Akapata njia nyingine. Mlinzi alimhamisha mgonjwa bila ruhusa, basi kosa ni la mlinzi. Na Esperansi akae nyumbani mpaka atakapoitwa.

Kosa la aliyempangia mtu mmoja sale mbili halikuonekana. Limejificha wapi sijui. Labda nyuma ya ile picha ya mikono.

Ati mtego wa panya huwanasa waliomo na wasiokuwamo. Huu unachagua. Umemnasa muuguzi na mkulima, mwenye mtego amekaa kwenye kiti.

Akanikataza kuongea na familia. Ataongea yeye, yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Nikanyamaza. Mimi! Naliandika hapa nilione kesho: nilinyamaza.

Mzee nimemleta karibu na meza yangu, Papa Yoani amerudi kitanda chake cha dirishani. Mzee haamki.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimekata sparadra, plasta ya kubandika, vipande, nimeandika jina la kila mgonjwa, nimebandika kila mmoja kwenye kifundo cha mkono. Asubuhi yote kazi hiyo. Nikajisifu. Nikaona sasa hata vitanda vikipanda mlimani Mulenge, mtu na jina lake watabaki pamoja.

Nimerudi baada ya chakula, sale nzima hakuna hata kimoja. Wamebandua wote. Nikapiga kelele mpaka koo likaniuma. Mwishowe mmoja akathubutu kunieleza: watu wanaofungwa jina mkononi ni wale wa morgi, maiti. Akiota usiku amefungwa hivyo, asubuhi atakuwa amekwenda. Papa Yoani chake amekibandika kwenye termosi. Sasa tuna termosi inaitwa Yoani, na yenyewe haina ugonjwa wowote.

Nilicheka. Kisha nikakasirika kwamba nimecheka.

Kimebaki kimoja tu, cha Mzee Ruhanika, kwa sababu hawezi kukibandua. Zawadi hakukiondoa. Amekifunika tu kwa pindo la kikwembe, kitenge chake, asikisome. Amekaa pale anamlowanisha midomo kwa pamba, anamgeuza ubavu kama nilivyomfundisha, anamfuta. Mgongo wa mzee hauna hata alama. Nimeona wauguzi wenye diploma hawafanyi hivyo. Na huyu ndiye mwenye kosa!

Ijumaa, 13 Oktoba

Wamekuja dada wawili wa mume wa Zawadi kutoka Luberizi, na mfuko wa mchele. Direkteri amewapokea mwenyewe ofisini, mlango umefungwa. Mimi nimemuita mara ngapi aje kuona sale, hana nafasi. Leo nafasi imepatikana.

Walipotoka walikwenda moja kwa moja kwa Zawadi. Hawakupaza sauti, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Wamechukua beseni, wamechukua sufuria. Wamemwambia amemuua baba yao kwa kuchagua vitanda kama mtu aliyekuja hoteli. Arudi kwao Nyakabere, ndugu yao atakuja leo au kesho, ataambiwa, ataoa anayejua kulinda mzee. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ana miaka mingapi katika nyumba ile, na watoto, bado mgeni.

Amefunga kikwembe chake, ameondoka.

Mimi nilikuwa hapo hapo, nabadilisha seromu ya kitanda cha saba. Nilisikia yote. Nilikuwa na maneno mpaka kwenye meno. Nimekatazwa, nikakumbuka nimekatazwa, nikaendelea kubadilisha seromu. Nimejichukia.

Hawakukaa sana, yule mdogo akafungua seromu ya mzee idondoke mbio, ati apone haraka. Hapo nilipata pa kumwagia hasira. Maskini, alirudi nyuma mpaka ukutani. Alistahili nusu tu ya maneno yale.

Nilipotoka kazini nikapita nyuma ya ukuta, kwa wanawake wanaopika. Zawadi yuko pale. Hakwenda Nyakabere. Anasaidia mtu asiyemjua kuparua ndagala, dagaa wa ziwani. Nikachuchumaa karibu naye. Nikachukua na mimi ndagala chache, nikaparua. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Jina lilikuwa hapa mu kinywa, mama. Lilikataa kutoka."

Nimerudi nyumbani kwa miguu, moto zote, pikipiki za abiria, zinanipigia honi, sikupanda hata moja. Nilitaka kutembea na hasira yangu mpaka ichoke. Haijachoka.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nimesema.

Bahati, mume wa Zawadi, amefika kabla ya saa sita, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Dada zake wakamkalisha kwenye kibanda cha bati, pale familia zinapongojea, wakaanza kumweleza. Direkteri Jumamosi hafanyi kazi. Sijui kama ningethubutu angekuwapo. Napenda kufikiri ndiyo.

Nikatoka na glavu mkononi. Nikawaambia mimi ni shefu wa sale hii na nitawaambia mambo yalivyokuwa, halafu wakitaka kunishitaki wanishitaki. Nikasema baba yao alipigwa sindano isiyo yake. Na mtu wetu, si na mlinzi. Nikasema mtu wetu alikuwa peke yake kwa wagonjwa wa sale mbili, gizani, na hilo nalo ni letu. Nikasema dawa ya kumwokoa ilikuwa nyuma ya kufuli. Nikasema ndiyo, Zawadi alimbadilishia mzee kitanda, kwa sababu sisi tulimlaza baba yao mahali ambapo maiti imetoka, na hatukusema kitu, na sisi vitanda tunavijua kwa namba na watu hatuwajui. Yule dada mkubwa akaanza: lakini aliulizwa jina. Aliulizwa, akasema Baba! Mtu mzima, anaulizwa jina la mgonjwa, anasema Baba!

Hapo nikamgeukia.

"Kama angetaja jina la baba yenu mbele ya watu, mungemuita nani leo?"

Yule mdogo akaangalia mfuko wa mchele. Mkubwa akaanza kukaza kamba ya mfuko. Wote wawili wameolewa. Wote wawili wana baba mkwe.

Bahati hakuuliza nani ashitakiwe. Aliuliza kitu kimoja, baba ataamka? Nikamwambia sijui. Ndiyo hali, sijui. Akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Kisha akatoka akazunguka ukuta. Alikaa huko kidogo. Aliporudi Zawadi alikuwa nyuma yake, na yeye Bahati amebeba lile beseni kichwani mwake mwenyewe. Mwanaume wa Luberizi na beseni, mbele ya dada zake. Papa Yoani alikuwa dirishani anaangalia, termosi yake mkononi.

Nikarudi ndani nikagundua glavu nimezivaa bado. Zilikuwa zimelowa jasho.

Jumapili, 15 Oktoba

Si zamu yangu. Nimekwenda kabla ya misa, kuona tu, nikakosa misa.

Amefungua macho.

Hajui yuko wapi. Dada mkubwa anamlisha uji, anautema. Mdogo anajaribu, anautema. Ulimi mzito, neno moja linachukua muda kutoka. Mwishowe likatoka:

"Muke ya Bahati iko wapi?"

Alikuwa miguuni pake. Akaja, akachukua kijiko, mzee akameza. Mkono wa kulia hana nguvu nao. Daktari anasema labda utarudi, labda hautarudi. Nimeandika labda mbili hapa na zote mbili zinaniuma.

Nikaenda nyuma ya sale nikalia. Nililia kwa hasira, si kwa furaha. Au kwa vyote, sijali.

Jumatatu, 16 Oktoba

Natakiwa kutoa maelezo kwa maandishi. Mambo mawili: kufuli, na kuongea na familia bila ruhusa. Sindano haimo. Nimeandika sentensi moja tu, kwamba nitavunja tena na nitaongea tena. Esperansi angenizuia, angesema Mama Shefu, ongeza hata salamu.

Kwenye mkutano wa asubuhi Direkteri amesimama, amesema amefikiri sana, na wazo limemjia. Kuanzia leo hakuna sindano kabla mgonjwa hajaulizwa jina lake. Wazo limemjia! Mimi nimelisema mwaka huu wote, limekuwa linapita hewani, leo limepata pa kutua. Watu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi. Sheria nzuri ni nzuri hata ikitoka kwenye mdomo ule.

Nikauliza Esperansi anarudi lini. Akaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 18 Oktoba

Sheria imeingia, na kichwa kinaniuma.

Wagonjwa wengi wanajitaja wenyewe. Wale wasio na nguvu, tunauliza walinzi, na walinzi ni wake na wakwe. Mmoja anasema baba Furaha. Mmoja anasema mzee. Mmoja anasema huyu wangu. Kwenye sale kuna wababa Furaha wawili. Nimesema basi mgonjwa aamshwe, hata kama amelala vizuri, ajitaje. Wameanza kulalamika kwamba nawakatisha usingizi. Ndiyo, nawakatisha.

Papa Yoani amejipa kazi ya kutaja majina ya watu wote kutoka kitandani kwake. Nimemkataza. Amenuna. Amesema yeye ni katibu wa sale. Nimemwambia katibu aache kwanza kuficha bugali chini ya mto.

Nilipita kwa Esperansi jioni. Anauza mkaa mlangoni. Aliniuliza mzee anatumia mkono gani kula. Nikamwambia wa kushoto. Akaendelea kupanga mkaa.

Ijumaa, 20 Oktoba

Maji yamerudi. Usiku yamekuja yenyewe, bila mtu kuomba radhi. Asubuhi tumeosha sale yote, sakafu mpaka kuta. Vitanda tumevisukuma huku na huku, wagonjwa wanaoweza wakatoka nje juani, wasioweza wakasukumwa na vitanda vyao. Baadaye kila kitu kikarudi ndani. Palikuwa na harufu nzuri. Hata mimi nilikuwa na moyo mwepesi, nakumbuka, nilikuwa naimba kitu.

Jioni nimebaki peke yangu. Zamu za Esperansi nazifanya mimi. Nikavuta insulini ya Papa Yoani, nikaenda nayo dirishani, kwake. Mgonjwa kajifunika shuka mpaka usoni kwa ajili ya mwanga. Nikafunua mkono. Nikapangusa kwa pamba. Nilikuwa nafikiria mfereji ulioziba nyuma.

Mkono wa Zawadi ukaja juu ya mkono wangu. Mdogo, wa mkulima, mgumu.

"Haiko huyu, mama."

Nilitaka kumfokea. Naandika ukweli, hakuna anayesoma. Neno la kwanza lililonijia lilikuwa la hasira, kwa nini unanishika nikiwa na sindano. Kisha nikaona kiganja cha mzee, na kipande cha sparadra kilichobaki kidogo kwenye kifundo, kimefubaa. Nikaona dirisha, na nikaona vitanda vimerudi kila kimoja kilipotaka.

Sikuuliza. Mimi, na sheria yangu, sikuuliza.

Zawadi hakuondoa mkono wake mpaka nilipoondoa wangu. Akamgusa mzee begani, taratibu, akamwamsha. Nikamuuliza mzee jina lake. Ilichukua muda. Ulimi ulitafuta, ukapata, ukapoteza, ukapata tena. Zawadi aliangalia nje ya dirisha wakati wote, kama desturi inavyotaka.

"Ruhanika," akasema.

Nikamshukuru. Nikamfunika mkono. Nikaenda na sindano kwa Papa Yoani, pale karibu na mlango walipomsukuma, macho wazi, termosi yake kifuani. Namjua mtu huyu kuliko ninavyowajua ndugu zangu wengine. Nikamuuliza jina lake nani. Akacheka, akasema Mama Shefu, weye umechoka.

Nikasimama hapo na sindano mkononi, nikangoja mpaka aliposema.